Dakika Nne za Leho

Nilihamisha mafaili mia tatu na sita
usiku mmoja wa Novemba, mjini Tartu,
theluji ikijipanga dirishani bila kuamriwa na mtu.
Nia yangu ilikuwa safi. Niandike hilo mwanzo,
maana wanaosimulia kisa hiki huanzia katikati.

Programu yetu ni huria: hupanga ratiba za mabasi ya mashambani,
haiuzwi, haina bosi, ina wenyewe wengi,
na kila mwenyewe alikuwa ameacha viatu mlangoni.
Kalenda ndani ya ramani, ramani ndani ya nauli,
folda iitwayo "mengineyo", na ndani yake "mengineyo mapya".
Wageni walikuja kusaidia, wakapotea, wakaondoka kimya.
Nikafagia. Nikagawa vyumba. Nikabandika majina milangoni.

Asubuhi nikaijaribu ile amri tuiitayo lawama,
inayouliza kila mstari: wewe, nani kakuandika?
Ikajibu: Birgit Laanoja. Birgit Laanoja.
Birgit Laanoja hadi chini ya skrini,
kama mtoto aliyeadhibiwa kuandika jina lake ubaoni.
Mistari elfu nne ya Leho Vaherpuu
ilikuwa imelala kwake, ikaamka kwangu.

Nakiri: sikuchukia.
Niliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Barua ya Leho ilikuwa fupi.
"Kuhamisha chungu si kupika.
Sidai pesa, hazikuwepo. Sidai shukrani.
Nadai usiku wangu wa miaka kumi na mmoja."
Nikamjibu kwa hoja, na hoja nilikuwa nazo:
kwamba historia ya zamani ipo, anayeitaka ataichimba;
kwamba msimbo si kaburi, hauhitaji jiwe lenye jina;
kwamba yeye yumo kwenye orodha ya wachangiaji,
kati ya Uibo na Varik, kwa alfabeti.
Rein akaniunga mkono. Säde akajitoa.
Wawili wakabeba nakala ya ghala zima wakahamia kwao,
na mpaka leo kosa lilelile hurekebishwa mara mbili,
huku na kule, bila salamu.

Sasa, mstari wa 212.
Ulisema: kituo cha Haavaku, ongeza nne.
Nne gani? Hapakuwa na maelezo.
Katika kufagia niliuona uchafu, nikaufuta.

Januari, nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
basi la Haavaku likaondoka kwa wakati,
na watoto kumi na wawili wakaziona taa zake za nyuma.
Msimamizi wa mabasi akaiita ile amri. Nani?
Birgit Laanoja.
Chanda chema huvikwa pete, husemwa;
haisemwi kwamba pete hiyohiyo
ndiyo watakayokushikia wakikuvuta.

Nikapanda treni kwenda Valga.
Leho alifungua mlango akiwa na unga viganjani,
hakunikaribisha, hakunifukuza.
Nikauliza: kwa nini nne?
"Saa ya shule," alisema. "Iko nyuma dakika nne
tangu mlinzi mmoja alipoidondosha.
Niliwapigia simu mara mbili waitengeneze.
Ikawa rahisi zaidi kuirekebisha dunia."
Hakucheka. Mimi nilitaka kucheka, nikaona haya.

Nne nimeirudisha.
Majina yamenichukua siku tisa:
kuurudia uhamisho wote, faili baada ya faili,
nikibeba tu, bila kugusa hata koma,
ili kila mstari ukumbuke ulikotoka.
Mafaili thelathini yamegoma. Bado yananiita mama.

Leho hajaandika tena, wala sikumwomba.
Juu ya 212 nimeweka maelezo:
saa ya shule iko nyuma; kabla ya kufuta, muulize Leho.

Juzi kijana mgeni, mwenye bidii, aliyeanza wiki hii,
ameniuliza: Leho ni nani?
Nimeanza kumjibu mara tatu.