Tupu Si Sifuri

Meza yangu ina miguu mitatu na jiwe la volkano.
Kompyuta inakula umeme wa jenereta ya kinyozi;
akitaka kuzima, nahifadhi kwanza, nalaani baadaye.

Mimi ndiye niliyechora majedwali haya.
Jedwali la Kaya. Jedwali la Watu.
Kati yake uzi mmoja, namba ya kaya,
kila mtu aishike kama mtoto ashikavyo kitenge cha mama
katika msongamano wa soko la Virunga.
Nikaandika sheria: safu ya Hali isiachwe tupu.
Nikaandika: idadi ya watoto ilingane na mistari yao.
Usiku ule nililala vizuri.

Sikuona ugeni wowote. Lugha ilinizoeza mapema:
mti umeanguka, kiti kimevunjika, jiwe limepoa,
kila nomino na kaya yake,
kila kitenzi kikivaa sare ya aliyekituma.
Ukikosea, shangazi anakusahihisha ungali unatafuna.

Jumanne akaja Katungu kwa njia ya Sake,
sufuria kichwani, mvulana mmoja ubavuni.
Jina la mtoto? Kasereka.
Watoto wangapi?
Akamtazama mvulana. Akaitazama mashine,
kana kwamba jibu liko upande wangu.
"Andika huyu."

Nikaandika moja. Mashine ikaridhika,
ikawasha kijani chake kidogo.
Lakini mimi ni Mnande, na kwetu jina huhesabu:
Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili,
Kasereka wa tatu.
Hakuna wa tatu asiye na waliomtangulia.
Jina la mtoto huyu lilikuwa uzi
unaokwenda kwenye mistari miwili nisiyokuwa nayo.

Nikauliza polepole. Foleni ikakohoa nyuma yake.
"Balienda kutafuta makala," akasema. "Habayarudi."
Lini?
"Mahindi ilikuwa ingali fupi."

Safu ya Hali ina machaguo mawili: hai, marehemu.
Nikasogeza mshale hadi neno la pili,
nikauondoa kama kidole kilichogusa mfuniko wa moto.
Na hata neno lile, sarufi haikubali kulitupa.
Twasema marehemu alipenda, marehemu aliacha watoto;
hakuna asemaye kilipenda.
Kiatu chake kitabaki kitu. Yeye anabaki mtu.
Lugha ina adabu kuliko jedwali langu.

Sifuri je? Sifuri ni jibu.
Sifuri ni kikapu kilichokung'utwa juu chini mbele ya mashahidi.
Tupu ni sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine
ikimsubiri aliyechelewa,
na hakuna mwenye ruhusa ya kufunua.

Kinyozi akapaza sauti: petroli inaisha!
Nikafungua chumba cha sheria,
nikafuta neno lazima. Herufi sita tu,
na nilikuwa nimezilinda mwaka mzima
kama askari anayelinda geti la nyumba isiyo yake.
Msimamizi Birindwa atauliza Ijumaa.
Na aulize.

Kaya 0417. Katungu.
Paluku. Kidole: . Hali: .
Kambale. Kidole: . Hali: .
Kasereka. Gumba la kushoto, wino juu ya ukoko wa uji. Hai.

Nikamgeuzia kioo aone.
Kusoma hajui, lakini alifuata mistari kwa ukucha,
mmoja, wa pili, wa tatu,
akarudi juu, akaanza tena.
Kisha akajitwika sufuria
na kuniuliza kama mashine ikizimika
nao wanazimika.

Nje jenereta ilikuwa inakohoa kohozi lake la mwisho.
Nimewahifadhi, mama, nikamwambia,
na neno lenyewe likanielemea mdomoni.