Penseli Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Chande, riwaya yako nimeirudisha,
ile yenye joka jalada zima.
Nimeisoma zamu tatu za usiku, dukani Magomeni,
kati ya mteja wa panadoli na mteja wa dawa ya mba.
Nisikufiche: kurasa mia za kwanza ni theluji.
Theluji juu ya paa, theluji kwenye ndevu,
theluji inalia chini ya buti.
Mimi nilikuwa na feni bovu na mwezi wa pili.
Nikasema, haya, ngoja nipoe bure.
Sikupoa.

Na hilo joka. Linaunguza vijiji saba kabla ya chai,
mwandishi hasemi linalishwa nini.
Mwenye kuku watano tu anajua
kufuga ni pumba kwanza, fahari baadaye.

Na mvulana: yatima, hajui kusoma, hajui kupika,
kumbe ni mfalme, alama iko begani.
Kila mara alama iko begani!
Mwanangu Sikudhani anayo begani,
ni chanjo ya kifua kikuu.
Basi nchi nzima ni wafalme,
na foleni ya maji iko palepale.

Ile ya angani niliipenda, nusu yake.
Chombo kinasafiri miaka mia nane,
watu wanazaliwa humo, wanakufa humo,
na hakuna anayeuliza kibla ni upande gani,
hakuna kadi ya mchango wa harusi,
hakuna deni la kikoba.
Miaka mia nane bila kikoba!
Mwendo wa kuupita mwanga nilikubali.
Hilo nilishindwa.

Halafu viumbe wa sayari nzima wana lugha moja.
Nenda Kariakoo ukanunue fyuzi:
utasalimia kwa Kiswahili, utapunguziwa kwa Kichaga,
utakataliwa kwa Kigujarati,
na maelezo ya kufunga yatakuja kwa Kichina.

Sasa sikiliza, hapa sitanii.
Ile ya tatu, yenye bibi mchawi msituni,
macho mekundu, kijiji kikamchoma
na mimi msomaji nikatakiwa kushangilia,
sikuimaliza.
Mama yangu mkubwa, Nyanzobe, alikuwa na macho mekundu.
Miaka arobaini ya kupuliza kuni mbichi.
Alikuja Dar usiku, na kifurushi kimoja,
hakusema kwa nini,
akaishi chumba changu cha nyuma
akiogopa kwenda msalani peke yake.
Mwandishi wa kule anachezea neno hilo
kama mtoto na kiberiti kisicho na njiti.
Chetu kina njiti, Chande.
Niliandika hivyo, kwa penseli, ukurasa wa mwisho.

Najua unalalamika.
Nani atanunua kitabu kilichokwisha kugombezwa?
Lakini Jumamosi nilikusikia, pale kibarazani Samora,
ukimwambia kijana wa chuo:
"Hiki elfu tatu.
Hiki kina maneno ya dada wa duka la dawa, elfu nne."

Kuhusu kile kijitabu chembamba,
karatasi ya gazeti, jalada limeondoka na jina la mtunzi,
usiniulize.
Mji umezama, Jangwani ni bahari,
na mwanamke mmoja anauza mkaa ghorofa ya tatu.
Anapandisha magunia kwa kamba, anakopesha,
anaandika majina ukutani.
Hana upanga. Hana alama.
Maji yanafikia majina ya chini,
wadaiwa wa kwanza wanafutika,
naye anaanza kuwaandika upya, juu zaidi,
na hapo kurasa zimechanika.

Nimekimalizia mwenyewe mara nyingi.
Usiku mmoja maji yalishuka.
Usiku mwingine alifuta madeni yote
kabla maji hayajamfutia.
Jana mvua ilipiga bati, akaingia mtu
ana matope hadi magotini, akaomba plasta,
nikasahau kumdai.

Hicho sikirudishi.
Nipe kile chenye roboti jaladani.
Elfu mbili, usizidishe.
Hakijaandikwa bado.