Miwani Pangoni

Wiki ya kwanza ya miwani, Thuwaiba
alihesabu kila kitu: mitende ya al-Hamra,
nyufa za mlima, chunusi tatu
puani mwa kaka yake Azzan.
"Mwenye macho haambiwi tazama!" alijigamba,
na Azzan akafunika pua.

Pango la Hoota lina joto la pumzi.
Ukungu ukatanda kwenye miwani.
Akaifuta kwa ncha ya mtandio, akainama:
majini, samaki wa rangi ya ufizi,
wadogo kama kidole,
na usoni hapana jicho.

"Walizaliwa nayo," akasema Mundhir, mwenye tochi.
"Vijicho viwili, kama chembe za ufuta.
Wakikua, ngozi huvifunika polepole.
Jua halijawahi kufika huku.
Wavione nini?"

Kisha akazima tochi.

Giza! Giza la kushikika.
Thuwaiba akavua miwani, akaivaa tena: yale yale.
Akapiga hatua moja, pu! kifuani mwa Azzan.

"Mwenye macho," Azzan akanong'ona, "haya, tazama."

Na huko chini, chwa, chwa,
samaki walipishana kwenye maji membamba,
wala hakuna
aliyemgonga mwenziwe.