Leseni Ipo Wazi

Ndani ya friza, chini ya maabara ya Saskatoon,
kichupa kimoja kinangoja mnunuzi.
Kimo kwenye orodha ya chuo,
kati ya ngano isiyoshikwa na kutu
na kipimo cha homa ya nguruwe:
"Chanjo ya kuhara kwa ndama. Leseni ipo wazi."

Halyna aliiandika sentensi hiyo mwenyewe,
akafuta neno moja, akalirudisha.
Hakuiandika Machi ile ya theluji,
baba yake, Metro, kapiga magoti bandani,
akimnywesha ndama maji ya chumvi kwa chupa ya soda,
ndama wa kumi na tisa,
mpaka ulimi ukapoa.

Miaka kumi na mmoja ya darubini na kinyesi.
Kisha wanasheria wakaja na kalamu zao,
wakauliza soko lina ukubwa gani.
Alitaka kusema: ukubwa wa banda letu.
Akasema: milioni nne, kwa makadirio.

Huu mwaka wa tatu, simu haijalia.
Kila Ijumaa hushuka ngazi,
hufuta barafu kwenye lebo kwa kidole gumba,
husoma kipimajoto:
hasi themanini.

Hata Machi ile haikufika huko.