Mwokota Konokono

Gambuti langu la kushoto lina tundu,
nimeliziba kwa kiraka cha tairi la baiskeli.
Ndivyo ninavyoingia mferejini Igurusi kila Jumanne,
upawa wa wavu mkononi, maji chini kidogo ya goti,
nao wamenata kwenye nyasi zilizolala,
wadogo, kama punje za maharage.
Sina chuki nao. Hilo nalisema kwanza.
Hawajui wamebeba nini.

Nilikuwa na miaka tisa nilipokojoa damu
nyuma ya mashine ya kukoboa.
Wenzangu wakapiga makofi: Lugano amekua!
Nikatembea kifua mbele wiki nzima,
mgonjwa ninayejidai.

Tumwitike hacheki nikimsimulia.
Yeye yuko Mbeya mjini, chini ya Loleza,
chumba chenye baridi yote ya Juni
na kompyuta inayokoroma kama mlevi.
Huko anawinda bila kulowa.
Konokono wake hana gamba wala ute,
ni protini moja tu, utepe uliojisokota,
na katikati ya utepe, tundu.
"Hili kufuli," aliniambia. "Natafuta ufunguo."
Funguo elfu arobaini, usiku kucha,
kila mmoja unaingizwa, unazungushwa, unatupwa.
Umeme ukikatika, anaanza upya.
(Ulikatika mara mbili. Alitukana kwa Kinyakyusa.)

Nilimuuliza: kwani dawa si ipo?
Ile ya zamani, ya kumwaga tu?
Ipo, akasema, ila inaua na perege.
Nikanyamaza. Mwaka ule niliwaona,
matumbo juu, mfereji mzima mweupe,
na mama yangu na ndoo yake ukingoni,
hajui alie au akaange.

Zikabaki funguo kumi na moja.
Kwake ni namba. Kwangu ni mabeseni.
Kila beseni konokono ishirini,
vifaranga vitano vya perege,
na mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nahesabu.
La tatu: hakuna kitu. Wanapanda ukuta wa beseni
kama waumini wanaotoka ibadani, bila haraka.
La saba: kimya. Konokono kimya, perege kimya.
La tisa, hapo nilisimama,
kumi na sita wamejifungia ndani ya nyumba zao
na hawakutoka tena,
na perege wanazunguka, wana njaa.

Nikampigia. Nikasikia anavuta kiti.
"Wanne waliobaki," akasema, "wanafanya nini?"
Wanakula.
"Basi bado."

Leo Jumanne. Maji yameiona njia ya kiraka,
soksi imelowa, upawa umejaa.
Ipyana, mtoto wa dada yangu, amekwisha vua kaptula,
amechuchumaa ukingoni,
anangoja nigeuke arukie.

Sigeuki.