Jumapili, Luchelele

Siku sita nalipima ziwa kwa kilo:
minofu ya sangara, barafu, minofu tena,
sindano ya mizani ikitetemeka
na mimi naandika.

Leo Nkwimba kabeba tyubu ya lori begani
kama mkoba wa kwendea harusini,
mimi chupa ya chai, viazi vitamu vya kuchemsha,
na woga ambao sikuutaja.

Tulipanda kwanza yale mawe yaliyopakatana,
kwa mikono na magoti, viatu tumevivua.
Mjusi wa kichwa chekundu akatupigia pushapu
juu ya jiwe lake, hakuondoka,
tukazunguka sisi.
Kileleni upepo ukanivua kilemba.
Ziwa lote lile!
Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Chini, kijana aliyekuwa akishona wavu akauliza,
"Mnatafuta nini hapa, shangazi?"
"Hakuna," Nkwimba akamjibu.
Akatuangalia upya. "Hakuna kabisa?"
"Kabisa."

Maji yalianza baridi kwenye vifundo,
yakafika kiunoni, yakanikatisha neno.
"Lala. Tyubu nimeishika."
Nikalala.
Masikio yakajaa kimya cha chini,
mbingu ikawa karibu kuliko dari ya kiwanda.

Miaka arobaini na saba ukingoni mwake,
nimekula samaki wake, nimefulia maji yake,
sijawahi kuyalalia hata mara moja.
Kilo zangu themanini na mbili
zilikwenda wapi, sijui.
Sindano haikutikisika.

Tulipotoka, kunguru walikuwa wamemaliza viazi.