Bila Shaba

Mpira wa kwanza niliukata kwa kisu cha mihogo,
ukaenda mshazari, nikautupa.
Wa pili niliupima mara tatu.
Kapya wa karakana, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia:
anayepima kwa jicho hukata kwa aibu.

Mtungi ni wa chujio la maji, ule wa kuonea ndani.
Niliupata soko la mtaa wa Kenya, kwa kijana
aliyeujaza njugu za kuuza.
Tukabishana bei ya mtungi; njugu akanipa bure.
Wavu nilimwibia Kabulo, mke wangu,
kwenye kichujio chake cha chai.
Bado hajaniuliza.
Au ameniuliza, kwa kunipa chai yenye majani.

Halafu nikafika kwenye viungo.
Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la shaba:
viwiko, pete, vipande vya bomba
nilivyovitunza tangu siku tuliyopewa bahasha
na karatasi iliyosema tumeondoka kwa hiari yetu.
Miaka ishirini na saba niliinama juu ya shaba.
Hata jasho langu liliacha ukijani kwenye kola.
Lakini bia yenye gesi ni kali, huilamba shaba,
na mnywaji akatapika usiku asijue amekunywa nini.
Nikalifunika kopo.
Katika Lubumbashi hii,
ambako hata wafu wetu wamelalia shaba,
nikafunga kazi yangu kwa plastiki
na chuma cheupe kisichoshika kutu.

Maua ya hopi aliniletea Chisenga, dereva wa lori,
kupitia Kasumbalesa, kwenye mfuko ulioandikwa *chai*.
Makavu, mepesi, magamba juu ya magamba,
kila moja kakakuona mdogo aliyejikunja.
Ukiyafikicha, vumbi la manjano linabaki kiganjani
na harufu: ganda la chungwa, ukuni mbichi,
kwa mbali kidogo, paka.
Kabulo akanusa, akasema: hii ni dawa ya minyoo.

Jumamosi umeme ulikuwepo.
Bia ikatoka pipani, ikaingia mtungini kwa juu,
nikafungua robine:
povu.
Povu jagi zima, na jagi la pili, na ndoo.
Nganda nzima ikacheka. Mwalimu Numbi
akaagiza wembe, anyolewe ndevu hapohapo.

Usiku niliketi na mtungi mapajani kama mgonjwa.
Kosa lilikuwa langu. Niliiacha hewa ndani,
na hewa ni mgeni anayekaa karibu na mlango
ili aondoke na kitu.
Nikaigeuza mipira: bia iingie chini, itoke juu.
Nikaisukuma hewa nje kwanza kwa gesi,
nikauzika mtungi kwenye ndoo ya barafu,
kisha nikaufungulia bia polepole,
kama unavyomnywesha mtu aliyezimia.
Maua yakaelea, yakajigeuza, yakazama nusu.
Nikangoja muda wa sigara moja,
ambayo siku hizi sivuti.

Glasi ya kwanza nilimpa Numbi, jioni ya pili.
Akanywa. Akatazama ukuta.
"Bia ni ileile," akasema, "ila imepita mahali."

Basi. Hakuna aliyepiga makofi.
Saa mbili kasoro umeme ukakatika,
friji ikashusha pumzi, barafu ikaanza kutiririka ndooni,
watu wakaendelea kunywa gizani
wakibishana kuhusu penalti ya mwaka juzi.
Kabulo akaja na tochi ya simu, akamulika mtungi,
maua yaliyolowa, mapovu machache yakipanda,
na chini yake wavu wake.
"Kumbe uko hapa," akasema.
Sijui kama aliuambia wavu
au aliniambia mimi.